Shangazi Amekataa

Kazini walimwita Kimya, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Ungeweza kukaa naye meza moja mwaka mzima ukajua kwamba anapenda chai ya rangi, hapendi feni impulize kisogoni, na basi. Akiulizwa jambo, alilizungusha kwanza kichwani kama mtu anayetafuta kokoto kwenye mchele, na alipokuwa tayari kujibu, mkutano ulikuwa umeshahamia kwenye ajenda nyingine. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wenzake waliungoja huo mshindo mpaka wakachoka, wakaona bora waendelee na kazi.

Lakini mtu hawi kimya hivihivi. Kimya alilelewa na shangazi yake, dada wa baba, na nyumba ya Shangazi ilikuwa na nafasi ya msemaji mmoja tu. Nafasi hiyo ilishachukuliwa kabla yeye hajazaliwa.

Shangazi alikuwa mshonaji wa sare za shule. Alikuwa na cherehani mbili sebuleni, moja ya kushonea na nyingine mbovu ya kutolea vipuri. Riziki yake ilitoka kwenye kushona, ila kipaji chake hasa kilikuwa kukataa. Mteja akileta kitambaa, alikishika, akakinusa, akakikataa. Mzazi akiomba sare ya mwanawe ikatwe ndefu ili ivaliwe mpaka mwakani, alikataa kwa sauti ya kusikika barabarani, kisha akaikata ndefu hivyohivyo na kuikunja pindo kwa ndani bila kumwambia mtu. Kimya alipompeleka mchumba wa kwanza, Shangazi alikataa. Wa pili, akakataa pia. Wa tatu alikuwa muuguzi, na kabla Shangazi hajafungua mdomo binti akamtangulia: "Shangazi, hata mimi sijakubali bado. Nimekuja kuwaangalia kwanza." Shangazi alicheka mpaka pini alizokuwa amezibana midomoni zikamwagika sakafuni. Ndoa ikafungwa, na hao wawili wakawa mashoga wa kumsengenya Kimya naye akiwa amekaa palepale.

Sasa tuje kwenye ugonjwa, maana ndiko jina la hadithi hii lilikotoka. Moyo wa Shangazi ulianza kwenda mrama, akaandikiwa dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi, ameze kila siku maisha yake yote. Alikataa, bila shaka. Yule muuguzi, mke wa Kimya, akamtazama tu bila kusema neno, naye akameza. Kisha yakaja magoti, kwa kuwa ukikanyaga cherehani ya miguu ujana wako wote, uzeeni magoti huja kudai haki yao. Akaingia duka la dawa, akauziwa vidonge vyekundu vya maumivu. Vilikuwa vidonge vizuri kabisa, na magoti yalitulia siku ileile. Tatizo ni kwamba vidonge vile na dawa ya moyo havipatani ndani ya tumbo la mtu mmoja. Shangazi akatapika damu, akalazwa, na Kimya akakaa kwenye benchi la nje ya wodi akiutazama mlango. Daktari alitoka akasema safari hii amepona, lakini akivichanganya tena, asije mtu kumwomba miujiza. Kimya hakuwa na mama wala baba. Alikuwa na huyo huyo mmoja aliyelala nyuma ya mlango.

Wakati huo alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa na kampuni changa iliyotengeneza programu za maduka ya dawa. Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya fundi viatu, na harufu ya gundi ilipanda mpaka waprogramu wakawa wanasinzia mchana. Programu yao ilijua kuandika kilichouzwa na kutoa risiti, haikujua kingine. Kimya aliporudi kutoka hospitali aliandika kipande kidogo cha kuchomeka pembeni, kiongezo kama wanavyokiita wenye kazi yao. Kazi yake ilikuwa moja tu. Muuzaji akitaka kumpa mgonjwa dawa isiyopatana na ile anayotumia tayari, kiongezo kinajitosa katikati na kuzuia. Hakisihi wala hakishauri. Alipofika mahali pa kukipa jina, hakutafuta kokoto yoyote. Akaandika: shangazi.

Tena, programu kuu ilihitaji kujua iamshe mafaili gani inapowashwa asubuhi. Akaichomekea mstari mmoja: pita kwenye folda, amsha kila faili ambalo jina lake linaanza na shangazi, mengine yaache yalale. Lilikuwapo faili moja tu la kuamshwa, kwa hiyo mstari ulitosha, na mgonjwa alikuwa anangoja uji wake. Ndivyo mila zinavyoanza, msomaji wangu. Watu huja kuziandikia vitabu, kumbe mtu mmoja alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani.

Muda si mrefu, kwenye maduka ya dawa ya mji mzima, skrini zikaanza kuwaka maandishi mekundu: SHANGAZI AMEKATAA. Wauzaji walicheka, wagonjwa walinuna, na watu walirudi makwao wazima.

Siku moja mwenzake Kimya aliandika kiongezo cha kukagua dawa zilizopitwa na muda. Kikagoma. Alihangaika nacho tangu asubuhi, akabadilisha hiki, akafuta kile, mwisho akaburuta kiti mpaka kwa Kimya.

"Kaka, kitu changu hakiamki."

"Kiite shangazi."

"Shangazi gani tena?"

"Shangazi-tarehe."

Akakiita shangazi-tarehe, kikaamka. Yeye hakuuliza zaidi na Kimya hakuongeza. Baada ya hapo vikaja shangazi-stoo, shangazi-bei, shangazi-risiti, ukoo mzima. Kampuni ikakua, ikahamia kwenye ghorofa lenye lifti na mlinzi wa kukuuliza unakwenda wapi kila siku kama vile hajapata kukuona. Waajiriwa wapya walifundishwa mambo siku ya kwanza: choo kiko kule, birika usiliwashe pamoja na kipozahewa, na kila kiongezo lazima kianze na shangazi. Aliyethubutu kuuliza kwa nini aliambiwa ndivyo tulivyokuta.

Jambo likikosa baba, wenye akili hulitafutia. Afisa mafunzo, mtu mpole mwenye kupenda fremu, ndiye aliyegundua kwamba SHANGAZI ni kifupisho: Sistimu, Hakiki, Angalizo, Nidhamu, Gharama, Akiba, Zuio, Idhini. Maneno hayo hayakuwa na habari ya kila mmoja na mwenzake, lakini yaliwekwa kwenye kioo yakatundikwa karibu na lifti. Mwanachuo mmoja aliyekuja kufanya mafunzo kwa vitendo akaandika tasnifu kwamba waanzilishi walichota kwenye falsafa ya shangazi kama mlinzi wa maadili ya jamii, na akafaulu. Mkurugenzi, alipohojiwa redioni, alisema wazo lilimjia akiwa anakimbia asubuhi. Wanaomjua walishangaa zaidi kusikia anakimbia. Kimya alipita chini ya ile fremu kila siku na hakusema neno.

Nje ya ofisi, mtu mwingine naye hakujua kitu, naye ni Shangazi mwenyewe. Kila mwezi alivuka barabara kwenda duka la dawa kuchukua dawa ya moyo, na kila mwezi, akishapewa, aliegemea kaunta na kusema, "Na vile vyekundu." Magoti hayakusahau raha ile, na onyo la daktari alishalikataa! Mfamasia, kijana mwenye miwani na adabu zake, aliandika kwenye kompyuta, na skrini ikawaka.

"Shangazi amekataa, mama."

Shangazi aliamini hilo ni jibu la shangazi wa yule mfamasia, mwenye duka, mwanamke mmoja mgumu aliyejifungia chumba cha nyuma na mashine yake.

"Hebu niambie, shangazi yako ana magoti?"

"Sijui, mama."

"Hana! Angekuwa nayo asingekuwa na mdomo namna hiyo. Mwulize tena."

Kijana akauliza tena, kwa heshima ya umri. Shangazi wa skrini akakataa tena. Na Shangazi wetu akifika nyumbani, mwanamke huyo wa chumba cha nyuma ndiye aliyekuwa habari ya chakula cha mchana. "Yule wa duka la dawa ana roho kama jiwe la kunolea! Nimemweleza kiutu uzima, nimembembeleza, wapi. Hata uso wake hanionyeshi." Kimya alikitazama kikombe chake. Mkewe alimkanyaga mguu chini ya meza.

"Mwambie," mkewe alimwambia siku moja wakiwa wanarudi kwao.

"Nitamwambia."

"Kila siku unasema nitamwambia. Unaogopa nini? Atakasirika?"

Kimya akatembea hatua kadhaa na mchele wake. "Akijua ni mimi niliyekitengeneza, ataniamuru nikifungue. Na mimi Shangazi akiniamuru, sijawahi kumkatalia. Ndiyo maana nilimtafutia anayeweza."

Mkewe hakumkanyaga mguu tena kuhusu jambo hilo.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka leo kama kampuni isingepata Mshauri. Mshauri alikuja na kompyuta nyembamba na maneno manene. Mkurugenzi alikuwa na hamu ya kuuza programu kwa hospitali kubwa kubwa, na Mshauri akamweleza kwamba kikwazo si programu, kikwazo ni shangazi. "Mkuu, fikiria. Daktari bingwa, profesa, anabonyeza kitufe, anaambiwa shangazi amekataa. Huo ni mfumo au ni kikao cha harusi?" Mkurugenzi akaona haya kwa niaba ya kampuni yote. Ikaundwa Kamati ya Usanifishaji wa Majina. Kama hujapata kukaa kwenye kamati ya majina, mshukuru Mungu na usiulize posho. Walibishana kama neno la kwanza liwe kiongezo, kijalizo au kichomekwa. Walipokwama, walikunywa soda. Waliporudi, walikuwa wamegawanyika zaidi.

Siku ya kikao kikubwa wakamwita na Kimya, kwa kuwa ndiye mkongwe. Chumba kilikuwa kimejaa, kipozahewa kinavuma, na ile fremu ya lifti ilikuwa imeletwa ikawekwa mezani kama shahidi.

"Wewe ulikuwapo tangu juu ya fundi viatu," Mshauri alimwambia. "Hebu tusaidie. Jina hili lilitoka wapi? Na je, lina kazi yoyote humo ndani, au ni pambo?"

Vichwa vyote vikamgeukia. Alikuwa nalo jibu zima mdomoni: ile wodi, lile benchi, vile vidonge vyekundu, na ule mstari mmoja unaoamsha kila mtu asubuhi. Lakini afisa mafunzo alikuwa ameishika fremu yake kwa mikono miwili, Mkurugenzi alikuwa anachunga mtu asije akaitaja habari ya kukimbia, na Kimya akawaza: nikisema ni shangazi yangu, anashona sare, anaumwa magoti, hawa watacheka, na kicheko chao kitashuka na lifti mpaka kwa mlinzi. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

"Ni la zamani tu," akasema.

Mshauri alipiga makofi. "Mmesikia wenyewe! La zamani tu. Halina kazi."

Hapo ndipo Kimya alipokosea, na mimi sitamtetea. Kuna kunyamaza kwa hekima, na kuna kunyamaza kwa woga kunakovaa kanzu ya hekima, na huku kwa pili kumewaua watu wengi kuliko kupayuka. Kimya alijifariji kwamba watakaobadilisha majina watauona ule mstari na watakuja kumwuliza. Kabla hawajaja, akatumwa mji mwingine kufundisha wauzaji wa huko, kwa kuwa Kamati iliona wakongwe watawavunja vijana moyo.

Kamati ikapitisha maazimio. La kwanza, kila kiongezo kipate jina jipya lenye hadhi, linaloanza na neno kiongezo. Shangazi wa kwanza, yule wa dawa zisizopatana, akawa kiongezo-cha-uhakiki-wa-upatanifu-wa-tiba, jina refu hivi kwamba skrini ililikata katikati. La pili, programu kuu isiguswe hata kidogo, kwa kuwa ni urithi wa kampuni. Wala msicheke, azimio hili lilipigiwa makofi kuliko lile la kwanza. Binti mmoja mprogramu, bado yuko kwenye majaribio ya kazi, aliuona ule mstari ndani ya programu kuu. Akamfuata Mshauri. "Samahani, hapa inatafuta majina yanayoanza na shangazi. Na sisi tumeyabadilisha yote." Mshauri alimjibu kwa upole kwamba azimio la pili linasema isiguswe. Binti akarudi kwenye kiti chake, akanyamaza. Ukimya nao huambukiza.

Wakaijaribu. Haikuonyesha kosa hata moja. Ingeonyeshaje, na wote wenye kazi ya kuona makosa walikuwa wamelala fofofo kwenye folda, wanaitwa kwa majina ambayo hawakupewa na mzazi? Kamati ikaandika kwamba mfumo umefaulu jaribio la kwanza, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na kwa hiyo lingepaswa kuwatia shaka.

Kimya alirudi kutoka safari akakuta sherehe. Meza zimesogezwa, keki ina maandishi ya sukari, watu wameshika visahani. Mkurugenzi alikuwa amesimama juu ya kijukwaa, anasoma simu yake kwa sauti.

"Tangu jana asubuhi tulipowasha majina mapya, maduka yanatupigia kutushukuru! Mmoja anasema mfumo umekuwa mwepesi kama unyoya. Mwingine anasema, nanukuu, haugombani tena na wateja. Hakuna malalamiko hata moja, ndugu zangu. Hata moja!"

Makofi. Kimya alikuwa na kipande cha keki mkononi. Haugombani tena. Akalizungusha hilo kichwani, na safari hii kokoto aliipata upesi, kubwa kama ngumi. Akaweka kisahani, akaenda kwenye kompyuta iliyokuwa karibu, akafungua folda. Viongezo vyote vimelala. Mji mzima, tangu jana, duka la dawa lolote lilikuwa linamuuzia mtu yeyote kitu chochote. Kisha akakumbuka leo ni siku gani. Leo ndiyo siku ya Shangazi kuvuka barabara.

"Simameni!"

Watu waligeuka kutafuta nani amesema. Afisa mafunzo alidhani kuna moto, akakimbilia fremu.

"Wamelala!" Kimya aliwaelekezea kidole kwenye skrini. "Wote wamelala! Programu inawatafuta kwa jina la shangazi na nyinyi mmelifuta! Hakuna anayekataa! Watu wanapewa sumu na nyinyi mnakula keki!"

"Tuliza moyo, ndugu yangu," alisema Mshauri. "Hoja ni nzuri. Ilete kwenye Kamati Alhamisi."

"Alhamisi Kamati itakutana makaburini!"

Hakungoja jibu. Akafungua programu kuu, urithi wa kampuni, akafuta neno moja kwenye ule mstari na kuandika kiongezo, lile jipya waliloliridhia wenyewe, na vyote vikaanza kuamka, duka moja baada ya jingine. "Pigeni simu," alisema, "kila duka, waliouziwa jana na leo watafutwe." Yule binti wa majaribio alikuwa ameshaweka simu sikioni kabla hajamaliza sentensi. Kimya aliikuta lifti imejaa, akashuka ngazi mbili mbili huku anampigia Shangazi. Simu iliita, ikaita, ikakata. Shangazi huiweka simu kwenye kopo la vifungo, na vifungo havipokei simu.

Akafika mlangoni. Cherehani ilikuwa imenyamaza. Tangu utoto wake hajapata kuifikia nyumba ile mchana akakuta kimya. Alisukuma mlango.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Mezani kulikuwa na bilauri ya maji, karatasi ya vidonge imepasuliwa, na vidonge viwili vyekundu vimewekwa juu ya kipande cha kitambaa cha sare.

"Shangazi! Umemeza?"

"Hiyo ndiyo salamu ya siku hizi?"

"Shikamoo. Umemeza?"

"Marahaba. Kaa."

"Shangazi, nijibu kwanza, umevimeza?"

"Nimesema kaa."

Akakaa. Nimeshawaambia kwamba hajawahi kumkatalia.

"Nimekwenda asubuhi kama desturi," Shangazi akaanza, bila haraka yoyote duniani. "Nikachukua ya moyo. Nikamwambia yule kijana, na vile vyekundu. Nimeshajiandaa kwa ugomvi, mwanangu, maneno nimeyapanga tangu jana. Akabonyeza. Akangoja. Akanipa! Hivihivi, kama mtu anapewa pipi. Nikamwuliza, shangazi yako hajasema kitu? Akasema leo yuko kimya, mama, labda wamebadilisha mfumo. Nikafurahi kweli. Nimefika hapa, nimemimina maji, nimevitoa."

"Ukavimeza."

"Ukinikatiza nitaanza upya. Nikavitazama. Nikasema, hebu ngoja. Yule mwanamke amenikatalia masika na kiangazi. Nimemtukana, hakuniogopa. Nimembembeleza, hakulainika. Mtu wa namna hiyo hanyamazi bure. Ama anaumwa, ama amekufa. Sasa mimi nimeze vidonge juu ya maiti ya mwenzangu? Na kitu ambacho hakuna mtu hata mmoja aliyekikataa, mimi sikiamini. Nikaviweka hapo. Nimekaa nakungoja wewe mwenye kujua mambo ya mashine uniambie amepatwa na nini."

Kimya aliinamisha kichwa kwenye magoti yake akalia, kwa sauti, kama ambavyo hakuwahi kulia hata alipokuwa mtoto. Shangazi alimwacha. Akasogeza bilauri ya maji upande wake.

"Kwani amekufa kweli?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hajafa. Walimlaza usingizi. Nimemwamsha sasa hivi."

"Ahsante Mungu. Na ni shangazi wa nani hasa? Wa yule kijana?"

"Wangu."

Shangazi akamtazama.

"Ni wewe, Shangazi. Nilimtengeneza ulipotoka hospitali. Mimi siwezi kukukatalia. Nikatafuta duniani nani anaweza, nikakuona wewe tu."

 Shangazi akavikunja vile vidonge ndani ya kile kitambaa, akavifunga fundo, akamkabidhi mwanawe.

"Mdomo anao," alisema. "Lakini akili anazo."

Wale waliouziwa vibaya walipatikana wote, na mateso makubwa kuliko yote yalikuwa ya mtu mmoja aliyeharisha siku mbili. Bahati hiyo kampuni haikuistahili. Kamati ikakutana Alhamisi, ikaazimia kwamba jina la shangazi lirejeshwe kila mahali kufuatia utafiti wa kina, na Mshauri akapongezwa kwa kuusimamia. Kimya alisimama kwenye kikao hicho bila kuitwa. Akasema: ni shangazi yangu, dada wa baba, anashona sare, na jina ni lake. Alikuwa amejiandaa kwa kicheko. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyeamini. Afisa mafunzo alimshika bega akamwambia ni hadithi nzuri sana, lakini fremu imeshatundikwa tena.

Mwezi uliofuata Shangazi alivuka barabara. Akachukua dawa ya moyo, akaegemea kaunta.

"Na vile vyekundu."

Mfamasia alisita, akaandika, na skrini ikawaka nyekundu mpaka kwenye miwani yake. "Pole, mama. Shangazi amekataa."

"Najua," alisema, huku anafunga mkoba. "Nilishakataa tangu nyumbani. Nilikuja kuona kama yuko macho."